Kwani Upendo Nao Unahitaji Leseni?



Kijana mmoja wa machimbo ya Mwakitolyo, huku kwetu Shinyanga, aliniuliza: "Frateri, mtu ameumia duarani na mimi kuchoma sindano najua. Kumsaidia mpaka niwe na leseni? Si tumeambiwa tupendane?"

Swali zuri, maana njia yenyewe ni ndefu. Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu. Shahada, kwa mfano pale Bugando, chuo kikuu chetu Wakatoliki Mwanza, ni miaka minne, halafu mwaka wa utarajali. Na cheti cha chuo hakitoshi: kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, kuna usajili, ndipo leseni.

Sasa yote haya ya nini? Mgonjwa anayenyoosha mkono achomwe sindano hawezi kukagua ulichosoma. Dozi haijui. Anakuamini tu. Leseni ni jamii kumwambia: "Huyu tumempima." Ukijifanya muuguzi bila kupimwa, hata kwa moyo safi, unamdanganya mtu asiyeweza kujitetea. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba nia njema peke yake haitoshi. Tendo lenyewe na mazingira yake lazima viwe vyema pia.

Basi tumwache anayevuja damu? Hapana! Mtazame Msamaria Mwema (Lk 10:25-37). Alifunga majeraha, akampeleka kwenye nyumba ya wageni, akamkabidhi kwa mwingine na akalipa. Nawe kandamiza jeraha, tafuta usafiri, mfikishe kituo cha afya. Hilo halihitaji leseni.

Ila hapo kwenye kulipa panatugusa sisi wengine. Tukimwambia kijana "usichome sindano", halafu ada ya chuo tukamwachia peke yake, tumemlinda mgonjwa wa leo na kumnyima wa kesho muuguzi. Jumuiya ndogondogo zinazochangia harusi zinashindwaje kuchangia ada ya mwanafunzi mmoja?

Na wewe unayesikia wito huu, usiikimbie Kemia wala Baiolojia. Ukikesha nazo, tayari unampenda mgonjwa ambaye hujamwona bado.

Tuombe: Ee Yesu, Mganga wetu, utupe upendo wenye subira ya kujifunza. Amina.

Mtakatifu Kamili wa Lellis, msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, utuombee.