Je, Yaweza Kuwako Dhulma Pasipo Mdhulumiwa?

Dhulma, kama wengi wetu tuijuavyo, ina watu wawili: mwenye kudhulumu na mwenye kudhulumiwa. Basi twauliza: mtu akiharibu kitu kisicho na mwenyewe, mahali pasipokaa mtu, je, amedhulumu?

Natutwae mfano wa milima ya Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Huko ardhi ya chini imeganda daima. Wakati wa kiangazi huyeyuka tabaka ya juu tu, na udongo wake hufanyika polepole mno, kwani baridi huchelewesha majani makavu kuoza. Uko huko mti, mti hasa wenye shina la ubao, usiopita urefu wa vidole vichache, utambaao chini kukimbia upepo. Ukiukanyaga hutajua kuwa umekanyaga mti. Liko na ua jeupe ligeukalo kulifuata jua mchana kutwa, likusanye joto kidogo la kukuzia mbegu zake. Iko na mimea ijikunjayo kama mto wa kulalia, ambayo yaweza kuishi miaka mia na zaidi. Gari likipita hapo ardhi ikiwa tepetepe, alama za magurudumu huonekana miaka makumi baadaye. Mwaka 2001 Norway ilitunga sheria ya kukataza mambo hayo.

Huenda mtu akasema: kuna faida gani? Wako wamjibuo kwa hesabu, kwamba udongo ulioganda wa kaskazini umeshika kaboni karibu mara mbili ya ile iliyomo hewani. Ukiyeyuka, joto la dunia litazidi na bahari kuinuka hata hapa pwani. Hayo ni kweli, lakini yalikwepa swali. Yampa ua haki kwa kuwa sisi twamhitaji. Na lau asingetufaa kitu?

Sisi hatuoni kuwa dhulma ni lazima iwe na mlalamikaji. Avunjaye kwa dakika moja kitu asichoweza kukirudisha kwa umri wake wote amejitwalia mamlaka asiyopewa, awe ameonekana au hakuonekana. Aliyepitisha gari juu ya mti ule ili kumwokoa mgonjwa ana udhuru wake. Aliyepita kwa kufupisha njia, hatujui atatoa udhuru gani.