Siri ya Aliyekataa Kutoa Figo

Ndugu msomaji, zingatia mas'ala haya. Mtu ameombwa ampe nduguye figo moja, na moyo wake haukuridhia. Akaitoa siri hiyo kwa yule aliyewekwa kumsikiliza. Jamaa wakija kuuliza, huyu msikilizaji atawajibu nini? Akieleza yote, amevunja amana na kumtia mwenziwe katika lawama ya maisha. Akisema, "Figo lake ni bovu," amesema uwongo.

Jambo hili si la kubuni. Katika Marekani, mwanafunzi anayesomea kazi ya ustawi wa jamii kwa shahada ya uzamili hamalizi mpaka atumike saa zisizopungua 900 chini ya uangalizi wa mjuzi wa kazi hiyo, na baadhi yao hupelekwa hospitali zinazopandikiza viungo. Huko hafundishwi kushika kisu. Hufundishwa kuketi faragha na anayetaka kutoa, mgonjwa na jamaa wakiwa mbali, na kumuuliza: Ni nani aliyekuleta? Umeahidiwa mali? Wachelea nini ukikataa? Nani atawalisha watoto wako mpaka jeraha lipone? Tangu mwaka 2007 kanuni za serikali ya huko zataka mtoaji aliye hai awe na mtetezi wake mbali, na mwenye kughairi apewe njia ya kujitoa kwa siri.

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu ulifanyika Boston tarehe 23 Disemba 1954, kwa mikono ya waganga walioongozwa na Joseph Murray. Ronald Herrick alimpa pacha wake, Richard. Usiku wa kuamkia siku ile, mgonjwa mwenyewe alimpelekea nduguye kijibarua kumwambia aondoke arudi nyumbani. Naye akajibu kuwa haondoki. Tazama: mwenye haja ndiye aliyefungua mlango, na mwenye kutoa ndiye aliyekataa kutoka. Richard aliishi miaka minane baada ya hapo. Kipawa cha Ronald chaitwa fadhila kwa kuwa njia ya kuondoka ilikuwa wazi mbele yake.

Huenda mtu akasema: "Mgonjwa yu ukingoni mwa kaburi, kwani kuna ubaya gani kumtia nduguye haya kidogo ili atoe?" Jawabu ni kwamba deni hudaiwa, ama ihsani haidaiwi. Anayetoa kwa kuogopa macho ya ukoo hakutoa. Amenyang'anywa, ijapokuwa ametia sahihi.

Ama lile swali la ulimi, ufumbuzi wake umo katika sharti. Wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Makka, katika kikao chao cha mwaka 1985, walijuzisha kutoa kiungo, na katika masharti yao ni kuwa mtoaji atoe kwa khiari pasi na kulazimishwa. Na sharti likikosekana, jambo halisihi. Asiye na udhu, hata akisimama na kurukuu vizuri namna gani, hana sala. Vivyo hivyo asiye na ridhaa, hata mafigo yake yawe mazima mawili, hafai kuwa mtoaji. Basi msikilizaji akisema, "Huyu hafai kutoa," na asizidishe, amesema kweli tupu, na siri imesitirika.

Lakini akivuka mpaka akazua ugonjwa, ameingia katika uwongo wenye madhara: jamaa watadhani maradhi yamo katika damu yao, na mwenyewe huenda kesho akatibiwa kwa khabari isiyo kweli.

Utauliza: je, mgonjwa hakudhulumiwa kwa kufichwa sababu? La. Haki yake ni kujua kwamba mlango huu umefungwa, aelekee mwingine: mtoaji mwingine, au mashine ya kusafisha damu huku akingojea zamu yake. Yaliyomo katika kifua cha nduguye si mali yake.

Basi elimu kubwa ya mwanafunzi huyo ni kuupima ulimi: usiseme uwongo, wala usiseme kila kweli. Nasi yatuhusu pia, sisi tunaotumwa kuomba kwa ajili ya wengine. Kabla ya kumsukuma mtu atoe, tumwachie njia ya kukataa bila kufedheheka. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.