Vukeni Mpaka wa Kijiji

Aliyewahi kuuza viazi au vitunguu shambani haelezwi lumbesa ni nini. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, linashindiliwa, kisha juu ya mdomo kinashonewa kipande cha wavu au cha gunia jingine ili lipokee debe zaidi. Wabebaji wanalinyanyua kwa kuguna. Mkulima yuko pembeni, anaangalia. Anajua sheria ya vipimo inakataza, na anajua kwamba kinachoning'inia juu ya mshono ni mazao yake yanayoondoka bila malipo. Lakini dalali ameshamwambia neno lisilo na jibu: kama hutaki, mwenzako kijiji cha pili kajaza hivi hivi, na gari linaelekea kwake.

Dalali huyo hana nguvu za ajabu. Ana simu, na ndani ya simu mna namba za watu wa vijiji kumi. Anajua bei ya asubuhi ya leo katika soko la Tandale, Dar es Salaam. Anajua nani anadaiwa ada ya shule na nani mvua ilimwahi kabla hajaanua. Yeye ana mtandao. Mkulima ana shamba. Na kila mara mwenye mtandao anapokutana na mwenye shamba tu, anayepanga bei ni mwenye mtandao.

Ndugu mkulima, na wewe kijana uliyerudi kijijini na cheti chako mkononi, sikuandika haya ili niwape pole. Pole mmepewa za kutosha. Nataka niwasukume. Kikundi chenu, hata kiwe na umoja wa kupigiwa mfano, kikibaki ndani ya mipaka ya kijiji kimoja hakitawavusha kwenye miaka inayokuja. Kiungeni na vikundi vingine, na mfanye hivyo msimu huu.

Kwa nini msimu huu? Tazameni viwavijeshi vamizi. Walionekana Afrika Magharibi mwaka 2016. Mwaka uliofuata walikuwa tayari kwenye mahindi ya Kenya na Tanzania. Mdudu alivuka bara zima kwa muda wa msimu mmoja au miwili, na wala hakusubiri semina. Habari ya namna ya kumkabili, kwamba ukague mahindi yakiwa machanga, uangalie mayai chini ya majani, umwahi kabla hajajificha katikati ya mche ambako dawa haimfikii, ilichukua muda gani kutoka shamba hadi shamba? Mahali pengi mkulima alimjua mdudu huyo siku alipokuta mahindi yameshatobolewa, wakati ng'ambo ya kilima kulikuwa na mtu aliyepambana naye msimu uliopita. Hatari za sasa zinasafiri upesi. Maarifa yetu bado yanatembea kwa miguu, tena yakisubiri kuitwa.

Kuna watu walioliona hili zamani. Mwaka 1993, wakulima wadogo 22 kutoka mikoa kadhaa ya Tanzania walikutana Morogoro, wakisaidiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wakaanzisha MVIWATA, Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania. Walichokuwa wanatafuta kilikuwa cha kawaida sana: kutembeleana, kufundishana wao kwa wao, na kuwa na sauti yao mahali ambapo mambo ya kilimo yanaamuliwa. Leo mtandao huo uko nchi nzima. Kaulimbiu yake, kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe, imechapwa kwenye fulana na mabango mengi kiasi kwamba mtu anaweza kuipita bila kuisikia. Isikieni leo. Inasema kwamba hakuna atakayekuja kukuamulia bei kwa huruma.

Na matunda yake si maneno. Soko la nafaka la Kibaigwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, na masoko ya Nyandira na Tawa katika milima ya Uluguru ni kazi ambazo mtandao huo ulishiriki kuzisukuma. Fikirini maana yake kwa mtu wa Mgeta, kwenye milima hiyo hiyo, anayelima kabichi na karoti kwenye mteremko ambao hata kusimama ni kazi. Zamani alimsubiri mnunuzi amfuate shambani, mmoja dhidi ya mmoja. Sokoni kuna wauzaji wengi, wanunuzi wengi, na bei inatangazwa mbele ya watu. Vijiji viwili vikikubaliana kwamba hakuna gunia linaloondoka bila kupita kwenye mizani, neno la dalali la “mwenzako kajaza” linakosa miguu. Kijiji kimoja hakiwezi kukubaliana na nafsi yake na jambo likawa.

Twende sasa Ukambani, nchini Kenya, kwa sababu huko hitaji hili la vijiji kuungana linaonekana kwa macho. Mito mingi ya Machakos, Makueni na Kitui ni ya msimu. Inafurika siku chache, inapiga kelele, kisha inabaki njia ya mchanga mkavu ambapo akina mama wanafukua kwa bakuli na kusubiri maji yajikusanye. Wakamba wana desturi ya mwethya, watu wa jirani kukusanyika kufanya kazi ya mmoja wao, kesho ya mwingine. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake wa Utooni waliianza safari yao kwenye msingi huo huo, na vikundi vya aina yao vikajenga mabwawa ya mchanga kwa mamia.

Bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe na saruji unaojengwa kukatisha mto wa msimu, mahali ambapo mwamba uko karibu. Mafuriko yanapokuja yanabeba mchanga na udongo. Mchanga ni mzito, unazama na kujaa nyuma ya ukuta. Udongo mwepesi unapita juu na kwenda zake. Kisha maji yanakaa ndani ya mchanga, katikati ya chembe na chembe, mahali ambapo jua haliyafikii, mbu hawezi kuzalia na ng'ombe hawezi kuyachafua. Watu wanayachota kwa kisima kifupi au bomba. Kazi ya kubeba mawe na kuchota mchanga ni ya wanakikundi wenyewe, na wengi wao ni wanawake, kuanzia alfajiri kabla jua halijachoma.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo wageni wengi wanaopiga picha ukutani huipita. Kama vilima vya juu viko wazi, mafuriko yataleta udongo mwingi kuliko mchanga, na bwawa litajaa tope. Tope halitoi maji. Kwa hiyo kabla ya ukuta lazima vilima vilimwe makingamaji, yale ya fanya juu, ambapo unachimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu mpaka shamba linageuka ngazi. Lakini kilima cha juu si chako. Ni cha watu wa kijiji kingine, ambao bwawa lako halitawapa hata ndoo moja, na ambao nao wana mto wao unaohitaji mikono. Basi unakwenda kwao unachimba mtaro, nao wanakuja kwako kubeba mawe. Mto umewaambia wazi kwamba ninyi ni wamoja, mpende msipende.

Wakati huo huo malori yanafuata mchanga wa mito hiyo kwa ajili ya majengo ya mijini. Mchanga ukiondoka, na hazina ya maji imeondoka nao. Kaunti ya Makueni ikatunga sheria ya kuulinda mwaka 2015. Ninaamini kabisa kwamba sheria ya namna hiyo haiwezi kukaa pale ambapo kila kikundi kinalia peke yake kwenye korongo lake.

Kuna wanaodhani kuunganisha watu wa vijijini kunahitaji kwanza minara, kompyuta na fedha za mfadhili mkubwa. Hapana. Mwaka 2011 kule Chambezi, wilayani Bagamoyo, wakulima kumi, wanawake watano na wanaume watano, walianza kazi iliyoitwa Sauti ya Wakulima, wakishirikiana na Eugenio Tisselli, msanii na mtaalamu wa programu kutoka Mexico. Walikuwa na simu janja mbili kwa watu wote kumi. Simu zilizunguka kwa zamu. Mwenye zamu alipiga picha shambani, akarekodi sauti yake akieleza anachokiona, na picha ile na sauti ile vikaingia kwenye ukurasa mmoja wa intaneti. Jumatatu walikutana, wakaangalia kwa pamoja, wakajadiliana, wakakabidhiana simu.

Wazo la mwanzo lilikuwa kurekodi jinsi hali ya hewa inavyobadilika. Wakulima wakalipanua wenyewe. Wakaanza kwenda kwa wakulima wengine na simu mkononi, wakiwahoji: umepandaje hapa, mbegu hii umeipata wapi, umefanyaje mpaka hapa hapajakauka? Chombo cha kupeleka taarifa kwa wataalamu kikageuka chombo cha kujifunza kwa jirani. Nalipenda jambo hili kuliko ninavyoweza kusema. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Mtu wa shamba akipewa njia ya kumfikia mtu wa shamba mwenzake, swali la kwanza linalomtoka ni la kazi.

Na si mkulima kwa mkulima tu. Huko Vihiga, magharibi ya Kenya, wazee wa ukoo wa Nganyi, wanaojulikana tangu zamani kwa kusoma dalili za mvua katika miti, ndege na wadudu, wamekuwa wakikaa meza moja na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kabla ya msimu, kila upande ukitoa utabiri wake, mpaka wanapata tamko moja la kuwapa wakulima kupitia redio na mabaraza. Aliyeamini satelaiti na aliyeamini mti wote wanasikiliza. Hata kwenu kuna mzee ambaye watu humwangalia kabla ya kupanda. Kuna pia kituo cha hali ya hewa wilayani. Je, wamewahi kukutana?

Na fedha? Sanduku la chuma la kikundi cha akiba na mikopo, lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, si geni kwa msomaji yeyote wa kijijini. Wengi wanadhani lilizaliwa hapa hapa. Mtindo ule ulianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa akina mama waliokuwa wakifanya kazi na shirika la CARE. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umefika Zanzibar, katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, na leo uko katika nchi nyingi za Afrika ukiwa na mamilioni ya wanachama. Akina mama wa ukingo wa jangwa walituma wazo la akiba na mikopo mpaka kwenye visiwa vya karafuu, kwa njia ya watu kuona, kuiga, kurekebisha na kumwonyesha mwingine. Msiniambie kwamba wazo la kijijini haliendi mbali.

Lakini niseme ukweli kuhusu kinachoua mitandao hii, kwa sababu nakiona kikijirudia. Kwanza ni posho. Watu wakizoea kwamba kukutana ni kulipwa, siku mfuko wa mradi ukifungwa nao wanafunga mlango. Kisha ni mwenyekiti asiyetoka madarakani, anayeshika mhuri, daftari na namba za wafadhili kana kwamba ni mali ya nyumbani kwake. Na kuna vikao vinavyopangwa saa ambayo mama yuko kisimani au jikoni, halafu tunasema wanawake hawashiriki. Kundi la WhatsApp nalo ni chombo kizuri, lakini kama mwezi mzima halijabadilisha bei, mbegu au siku ya kupanda ya mtu hata mmoja, bado hamjajenga mtandao. Kataeni mambo haya mapema, yangali madogo. Someni mapato na matumizi mbele ya wote. Viongozi wabadilishwe kwa katiba yenu, hata wale mnaowapenda.

Vijana, nanyi nawaambia: kazi iko hapa. Kikundi kinahitaji mtu wa kupiga simu masoko matatu kabla ya kuvuna, wa kuandika kilo na tarehe, wa kusajili kikundi kama sheria ya Tanzania ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inavyotaka, wa kufuatilia halmashauri ile mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wazee wana mashamba na kumbukumbu. Ninyi mna mwendo.

Tufanye hivi basi. Kwenye kikao kijacho, msifunge sanduku kabla hamjachagua wajumbe wawili: mwanamke mmoja, na kijana mmoja ambaye hajafika miaka 30. Waende kata ya jirani, kwa kikundi kinachofanya jambo ambalo ninyi limewashinda, iwe kukausha mahindi, kuvuna maji au kuuza kwa pamoja. Nauli itoke kwenye mfuko wenu wa jamii, ili safari iwe yenu. Waulize wenzao walianzaje, nini kiliharibika mwanzoni, nani aliwasaidia. Waandike. Wakirudi wapewe nafasi ya kwanza kikaoni, kabla ya marejesho, na mwezi unaofuata kikundi kile kialikwe kwenu. Watakapofika, msiwapeleke kwenye shamba la mfano peke yake. Wapelekeni pia kwenye lile lililoshindikana, muwaulize wao wangefanyaje.