Bundi wa Soysambu

Katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kando ya Ziwa Elmenteita, lililotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, iko hifadhi ya Soysambu. Ndani yake mna kituo kinachowauguza ndege wawindaji: tai, vipanga, tumbusi na bundi. Nilikizuru pamoja na mjukuu wangu.

Ndege wengi wa namna hii huumizwa na mwanadamu asiye na kisa nao. Huyu huchomwa na nyaya za umeme, yule hugongwa na gari. Tumbusi hula mzoga uliotiwa sumu na mfugaji aliyekuwa akimlenga fisi aliyemlia ng'ombe. Anayepona hurudishwa porini. Asiyeweza kuruka tena hubaki akitunzwa.

Tulipofika kwa bundi, mtoto akauliza, "Babu, na huyu alimkosea nani?"

Nilinyamaza, kwani swali lile lilinikuta na deni. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu mkuu, bundi alitua juu ya paa la bweni akalia usiku tatu mfululizo. Wanafunzi wakaingiwa na hofu, wazazi wakanong'ona kuwa ni mkosi. Nikamwagiza mlinzi amwue. Alimwua kwa mawe, wanafunzi wakitazama.

Msomaji atasema nilitenda kwa ujinga. La. Nilikuwa nimefundisha, chaki mkononi, kwamba bundi ni mla panya na kilio chake hakimwiti mtu kaburini. Mfugaji hakumkusudia tumbusi; aliyevuta nyaya hakumfikiria tai. Mimi nilijua, na nikakusudia. Niliogopa tu kuitwa mwalimu asiyejali watoto wa watu.

Mlinzi alimwua ndege mmoja. Mimi niliua somo. Siku ile wanafunzi wangu walijifunza kwamba elimu ni ya kujibia mtihani, na hofu ndiyo ya kuishi nayo. Bawa lililovunjika laweza kufungwa likapona, lakini jeraha la namna hii halina kituo cha kuliuguza.

Nilimsimulia mjukuu wangu yote. Hakusema neno.

Wanafunzi wale sasa ni wazazi. Kama mmoja wao anausoma ukurasa huu, na ajue kwamba mwalimu wake alikosea, na kwamba somo la darasani ndilo lililokuwa la kweli.