Mwenye Pombe Anapoalikwa Kusema

Mmiliki wa kiwanda kidogo cha bia akialikwa kuzungumza mbele ya klabu ya huduma, tuseme katika ukumbi wa hoteli mjini Keroka, pale Kisii inapopakana na Nyamira, amealikwa kama nani? Kama ni mfadhili, watu watasubiri hundi. Kama ni mfanyabiashara, watauliza ameajiri vijana wangapi. Nadhani lipo jibu la tatu, nalo ni zito zaidi: amealikwa kama jirani. Lakini je, mwenye kuuza pombe anaweza kuwa jirani mwema? Hili si swali dogo katika nchi ya Abagusii, ambako mafundisho ya Waadventista yamekita mizizi tangu misheni ya Nyanchwa ilipoanza mapema katika karne ya 20, na ambako wengi watakaomsikiliza hawajatia kileo mdomoni maisha yao yote.

Wazee wa hapa walilijibu swali hilo kwa desturi yao. Kulikuwa na risaga: kazi ya shamba ikizidi nguvu za nyumba moja, majirani waliitwa wakalima pamoja, na kazi ilipokwisha wakakaa kukizunguka chungu cha pombe, mirija mirefu mikononi. Mwanaanthropolojia Philip Mayer aliyaandika mambo ya ushirikiano huo katika utafiti uliochapishwa mwaka 1951. Je, pombe ile ilikuwa mshahara? Ingekuwa mshahara, deni la mwenyeji lingeisha jioni ileile. Halikuisha. Jirani alipoita, naye alitakiwa kubeba jembe lake aende. Kwa hiyo pombe ilikuwa shukrani, na kwa shukrani namaanisha kukiri deni mbele ya watu bila kujifanya kwamba umeshalilipa.

Hapo huduma inaanza kujitenga na hisani. Hisani hutoka kwa aliye nacho kwenda kwa asiye nacho, na mtoaji hurudi kwake vilevile alivyokuja. Huduma, kwa maana ninayoishika hapa, ni kazi ninayomfanyia mwenzangu nikijua kwamba kesho mimi ndiye nitakayehitaji kufanyiwa, na kwamba ana haki ya kuniuliza nimeifanyaje. Ina zamu ndani yake. Rotary, klabu ya huduma iliyoanzishwa Chicago mwaka 1905 na wakili Paul Harris pamoja na wenzake watatu, ilipata jina lake kwa sababu mikutano ya kwanza ilizunguka kutoka ofisi ya mwanachama mmoja hadi ya mwingine. Nafurahi kila ninapolikumbuka jambo hilo. Watu wa mji mkubwa uliojaa wageni walitafuta njia ya kufikiana kwa zamu, jambo ambalo mkulima wa Nyamira hakuhitaji kufundishwa.

Basi nini kilibadilika pombe ilipoingia sokoni? Silaumu fedha. Wapo akina mama waliosomesha watoto kwa pombe ya busaa waliyoipika wenyewe, na jasho lao linastahili heshima. Ila fedha huyakata mambo: ukishalipa, hatudaiani tena, na tusipodaiana hatuna haja ya kujuana. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mwenye pombe huionja kwanza mbele ya wageni wake. Kuonja huko ni dhamana anayoiweka kwa mwili wake mwenyewe. Mei 2014, pombe iliyokuwa na methanoli iliua makumi ya watu Embu na katika kaunti nyingine za Kenya. Wangapi kati ya wanywaji wale walimjua aliyeitengeneza? Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inaweza kudai leseni na chupa iliyofungwa, nami naiunga mkono, lakini haiwezi kumlazimisha mtu aonekane na wanywaji wake.

Ndiyo maana udogo wa kiwanda una thamani ambayo hesabu za faida haziioni. Mdogo anafikika. Anaweza kusimamishwa njiani, au kuulizwa kanisani, au kuitwa mbele ya klabu. Thamani hiyo, hata hivyo, hubaki ya kinadharia mpaka atokee mtu wa kumuuliza, na hapa nina wasiwasi na mikutano yetu. Mgeni hupigiwa makofi, picha hupigwa, shughuli ikaisha. Katika maswali manne ambayo mfanyabiashara Herbert Taylor aliyaandika mwaka 1932, na ambayo Rotary iliyarithi baadaye, limo moja linalotaka kujua kama jambo ni la haki kwa wote linaowahusu. Wote ni akina nani? Aliyewekeza yumo, mwajiriwa yumo, mnywaji yumo. Je, mke anayesubiri mshahara mwisho wa mwezi? Je, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo? Hawa hawakununua chupa hata moja, lakini yanayotoka ndani yake yanawafika. Mkutano unaowaacha nje umepunguza neno “wote” kabla hata haujaanza kupima haki.

Kwa hiyo mwaliko utolewe, na asiyekunywa akae karibu na mwenye kiwanda bila kuona aibu wala kumwonea aibu. Swali la kwanza lisitoke kwa mwenyekiti. Ningempa mama anayepika busaa kijijini, kwa kuwa anawajua wanywaji wake kwa majina, na anajua ni yupi kati yao ambaye nyumba yake haikupika jana.