Je, Ridhaa ya Mwenye Dhiki ni Ridhaa?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wenye maduka na mikahawa: mtu akija kutaka kazi, tukapatana naye kwa kauli, naye akaridhika na ujira wa siku bila ya hati wala likizo, je, serikali ina haki gani ya kuingia kati ya watu wawili waliokwisha kuridhiana?

Swali hili si la kubezwa, kwani msingi wa kila mapatano ni ridhaa. Lakini yafaa kwanza tuitazame ridhaa yenyewe. Mwenye duka akimkosa mtu huyu leo, kesho atampata mwengine. Ama mtu huyu akiikosa kazi leo, watoto wake watalala na njaa. Mmoja aridhia kwa kuwa apenda, na mwengine aridhia kwa kuwa hana budi. Kuyaita mambo haya mawili kwa jina moja ni kulidhulumu neno.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imelizingatia jambo hili. Imeweka haki za chini kabisa, kisha ikasema kwamba mapatano yoyote ya kuziacha haki hizo ni batili, hata mfanyakazi akitia sahihi kwa mkono wake. Basi aliyesema "sitaki likizo" hakumwondolea tajiri wake deni la siku 21 za kazi za mapumziko yenye malipo kila mwaka, wala la siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Na kibarua aliyefanya kazi mfululizo muda usiopungua mwezi mmoja, sheria humhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, ingawa bwana wake angali akimwita kibarua.

Tena kazi ya miezi mitatu au zaidi yapasa iandikwe, na wajibu wa kuiandikisha ni wa tajiri. Asiyejua kusoma aelezwe kwa lugha aifahamuyo. Wakifika mahakamani na hati haipo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha huwa juu ya tajiri. Twastaajabu kuona Waislamu wakililalamikia hili, hali aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Sura ya al-Baqara, yaamrisha deni liandikwe. Na ujira usiolipwa ni nini ila deni?

Yuko atakayesema: duka langu ni dogo, asilimia 6 ya akiba ya uzeeni na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, juu ya bima ya ajali za kazini, zitanifilisi. Hatulipuuzi neno hili. Uzito huo ni wa kweli, na watunga sheria yafaa wausikie. Lakini waweza kuwa hoja ya kuajiri mtu mmoja badala ya wawili. Hauwi hoja ya kumkata mtu fedha katika mshahara wake kisha zisifike zinakopelekwa. Hapo si udogo wa duka tena, ni kula amana, na wako wafanyao hivyo nao husali safu ya mbele. Aliyekatwa hana habari, mpaka siku amezeeka, aende kuuliza akiba yake aambiwe kwamba jina lake halimo.