Bonde Halisomi Daftari la Zaka

Mwezi wa Julai huku kwetu Tosamaganga tunakwenda Misa ya kwanza tumejifunga makoti. Ndugu zetu wa Mufindi na Makete hupata zaidi ya baridi. Asubuhi mabondeni majani yamepakwa barafu nyeupe kama chumvi, na jua likipanda viazi vinanyauka na kuwa vyeusi, utadhani vimemwagiwa maji ya moto.

Mwaka mmoja barafu hiyo iliunguza shamba la familia moja ya jumuiya yetu, wanaolima huko Mufindi. Shamba la jirani, juu kidogo mlimani, lilipona. Tukaanza kunong'ona. Tulihesabu zaka zao, tukakumbuka na ule ugomvi wa urithi. Tulisema Mungu ana mpango wake.

Mpango upo kweli. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake angani. Hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka na kutuama bondeni kama maji. Jani likipoa chini ya nyuzi 0, molekuli za maji zilizomo hewani hutua juu yake. Kila moja hushikana na nyingine nne, na umbo lile la pembe sita hurudiwa tabaka juu ya tabaka, bila msimamizi. Lakini haliwezi kuanzia popote tu. Matone madogo ya maji safi kabisa huweza kupoa hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri bila kuganda. Barafu hutafuta mahali pa kushika: punje ya vumbi, au hata aina fulani ya bakteria wanaoishi juu ya majani.

Basi shamba lile lilichaguliwa na bonde. Baadhi yetu tulitaka kuishia hapo, tukifurahi kwamba Mungu ametoka katika lawama. Haitoshi. Hatuwezi kumshukuru kwa mvua, kisha tukamwondoa bondeni usiku wa baridi. Jambo hili bado linatuuma. Katika Yohane sura ya 9, wanafunzi walipouliza nani aliyetenda dhambi, kipofu yule au wazazi wake, Bwana alikataa yote mawili. Kisha akainama, akafanya tope, akaanza kazi.

Tulichanga mbegu za viazi, tukazipeleka. Mama wa nyumba ile alizipokea, akatukaribisha ndani. Akatuuliza kama ni kweli tulisema yale aliyoyasikia.

Tulijibu ndiyo.